Dhoruba inasogea, mama yuko Kipungani chini ya makuti na hataki kuhama. Nifanye nini?

Mwana wa Langoni

Assalamu alaykum ndugu zangu wa mwambao. Tangu jana redio inarudia tangazo kwamba kuna dhoruba kali bahari kuu, kusini mashariki mwetu, na kwamba upepo mkali na mawimbi makubwa yanatarajiwa kufika huku usiku wa kuamkia mwezi 15, kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Leo ni mwezi 12. Mimi ninakaa Lamu mjini katika nyumba ya mawe, kwa hiyo hofu yangu si ya nafsi yangu. Mama yangu, ambaye ametimiza miaka 71 na anameza dawa za presha kila siku, yuko Kipungani, kijiji cha kisiwa hiki hiki, pamoja na wajukuu watatu, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa makuti, hatua kama themanini kutoka pale maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, yanapokoma. Ndugu yangu mdogo ana mashua ya kuvulia ambayo ndiyo riziki ya nyumba nzima, nayo imetia nanga mbele ya kijiji.

Jana baada ya isha nilimpigia mama simu, akaniambia: "Mwaka 2024 mlituambia kimbunga kinakuja, tukakesha siku mbili, na kilichoanguka ni mpapai mmoja." Nilikosa la kumjibu kwa sababu ni kweli, na mpapai wenyewe naukumbuka.

Naomba mnisaidie kwa dhati. Je, tangazo la safari hii lina uzito wa kunifanya nimhamishe mzee asiyetaka kuhama? Mashua iwekwe wapi? Na ikiwa mama atashikilia msimamo wake, ile nyumba inaweza kutiwa nguvu kwa siku mbili zilizobaki?

Mwalimu wa Jiografia

Wa alaykum salaam. Mama yako hakusema uongo, ila amepima kwa kipimo kisichotosha. Kimbunga hupata mzunguko wake kutokana na dunia kujizungusha, na nguvu hiyo inayoupinda upepo hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta, hata ikawa sufuri kwenye ikweta yenyewe. Lamu iko nyuzi mbili na robo hivi kusini mwa ikweta, na ndiyo sababu kimbunga kamili ni nadra sana kutufikia. Mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei kikiwa kimeshapungua nguvu, mbali kusini mwetu, wakati serikali ya Kenya ilikuwa imeshasimamisha uvuvi na kuogelea kwa tahadhari. Sisi tuliguswa na upindo wake tu. Mpapai mmoja wa Kipungani hauonyeshi kwamba walioonya walikosea. Unaonyesha kwamba dhoruba ilipita mbali nanyi.

Hata hivyo, haukupita mwezi kabla ya dhoruba nyingine, Ialy, kupanda kaskazini hadi karibu na ikweta kuliko ilivyozoeleka, na pwani yetu ikapata upepo mkali. Ukitazama nyuma utaona kwamba bahari hii haikusahau upande wowote. Aprili 1872 kimbunga kiliivunja Unguja, kikazamisha merikebu za Sultani Barghash bandarini na kung'oa minazi na mikarafuu mingi mno, ilhali Pemba, iliyo kaskazini kidogo tu, ikanusurika kwa sehemu kubwa. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019, na kimbunga Gati kikaingia Somalia, upande wa pili wa ikweta, tarehe 22 Novemba 2020. Tumeishi katikati ya njia mbili, na anayeishi hivyo hana budi kusikiliza redio.

Tena si lazima kiwe kimbunga kamili ndipo kidhuru. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, msukumo wake juu ya paa huongezeka mara nne, kwa hiyo upepo wa kusi wa kawaida ya kilomita 35 kwa saa ikifika 70, makuti yaliyostahimili miaka mitano yanasukumwa kwa nguvu ambayo hayajawahi kuionja. Lakini kinachonitia hofu zaidi katika maelezo yako ni hiyo tarehe. Mwezi 15 ni bamvua. Hewa inapopungua mgandamizo katikati ya dhoruba, bahari huinuka takriban sentimita moja kwa kila hektopaskali moja (kipimo cha mgandamizo wa hewa) inayopungua, na juu ya hapo upepo husukuma maji na mawimbi kuelekea pwani. Dhoruba ile ile ikija wakati wa maji mafu, yasiyojaa sana, hatua themanini zinatosha. Ikija juu ya bamvua, mimi nisingelala hapo.

Nahodha Mstaafu wa Faza

Mwanangu, mwalimu amemaliza upande wa mama yako, nami nitasema la chombo, kwa maana nimekaa baharini miaka arobaini.

Usiiache mashua mbele ya kijiji hata ndugu yako akiapa kwamba nanga yake haijawahi kutambaa. Nanga hushika kwa urefu wa kamba, haishiki kwa uzito peke yake, na kamba inatakiwa iwe angalau mara tano ya kina cha maji, ikipimwa wakati yamejaa wala si wakati yamekupwa. Watu wengi hupima asubuhi maji yakiwa pima moja, wakatoa pima tano za kamba, kisha bamvua ikaongeza zaidi ya mita tatu na kamba ikasimama wima kama mlingoti. Hapo kila wimbi linaing'oa nanga. Nimeona mashua nzuri ya mvule ikitembea na nanga yake kama mbuzi anayeburura kamba, mpaka ikajipigiza kwenye mwamba, na mwenyewe amesimama pwani akitazama.

Mahali pake ni ama nchi kavu ama ndani ya hori, yaani mkono mwembamba wa bahari, lenye mikoko. Kwa kuwa nyinyi mko upande wa Kipungani, mikoko haiko mbali. Akitaka kuipandisha, aipandishe kesho, mwezi 13, kwa sababu maji yatajaa karibu saa tisa alasiri, nayo yataifikisha juu bila kuivunja mbavu. Aweke magogo chini, atafute watu wanane, na asiridhike na pale maji ya kila siku yanapokoma, bali aisogeze mpaka kwenye nyasi, kisha aifunge kwenye shina la mti ulio hai. Akiamua kuiingiza horini, aifunge kwa kamba nne, mbili mbele na mbili nyuma, kila moja kwenye mashina kadhaa kwa pamoja, na aziache zilegee kiasi ili chombo kipande na kushuka na maji. Pale kamba inapokutana na ubao aizungushie gunia au nguo kuukuu, maana kamba haikatwi na upepo, hukatwa na kusuguliwa usiku kucha.

Tanga na foromali, ule mti unaobeba tanga, vishushwe na kupelekwa nyumbani. Mtu akiacha foromali juu ameuachia upepo mkono wa kukishikia chombo. Mashine nayo ifunguliwe na kubebwa, pamoja na tangi la mafuta.

Neno moja zaidi, na hili mwambie ndugu yako kwa ulimi wangu: asilale chomboni. Kila msimu kuna kijana anayesema atakaa ndani yake alinde mali yake. Ubao hununuliwa tena.

Mama wa Mayungu

Mdogo wangu, pole kwa wasiwasi. Mimi niko karibu na Malindi, na jambo lako nimelipitia na mama mkwe wangu wakati wa upepo wa Ialy. Naye alikataa kabisa. Tulimwambia "utakufa hapa" akanuna, tukamwambia "serikali imesema" akatucheka. Nilichojifunza ni kwamba mzee hakatai usalama; anakataa kuondolewa nyumbani kwake kama mzigo. Mwishowe nilimwambia kwamba watoto wangu watalia usiku na mimi peke yangu sitawaweza, naye akafunga kanga mbili na kuja mwenyewe. Basi usimwambie mama aje kujiokoa. Mwambie wajukuu watatu hawawezi kuvushwa bila yeye, na ni kweli hawawezi.

Tena asafiri kesho au keshokutwa asubuhi, bahari ikiwa bado inapitika. Ukisubiri mpaka uuone upepo, umechelewa, kwa kuwa hapo hakuna boti itakayokubali, na haipaswi kukubali. Usiku ule kwetu bati moja lilibanduka kwenye kibanda cha jirani, likavuka uwanja na kukwama katikati ya matawi ya mkwaju, urefu wa watu wawili kutoka chini. Asubuhi tulisimama kulitazama bila kusema kitu, kwa sababu chini ya mkwaju ule ndipo watoto hucheza.

Atakapokuja, abebe dawa zake za wiki mbili pamoja na cheti cha daktari, kwa sababu baada ya dhoruba duka la dawa linaweza kufungwa au boti ya mizigo isivuke. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na hati yoyote ya shamba vitiwe katika mfuko wa plastiki, ufungwe, kisha utiwe katika mfuko wa pili. Wewe huko mjini jaza madumu yote maji ya kunywa kabla stima haijakatika, kwa maana bila stima pampu hazifanyi kazi, na maji ya chumvi yakiingia kisimani hayaondoki kwa siku moja. Simu zichajiwe, na moja izimwe iwekwe akiba. Nambari ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Iandikeni kwenye karatasi pia.

Na nakusihi sana: mkifunga milango na madirisha, msipikie jiko la makaa ndani. Moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini. Pikeni mapema, muweke tende na mkate.

Fundi wa Makuti

Kuhusu nyumba, nitasema kwa ufupi. Paa la makuti halibomolewi kutoka juu, huinuliwa kutoka upenuni. Upepo unaingia chini ya safu ya kwanza, unaifunua, kisha unazifuata nyingine. Kwa hiyo siku zilizobaki zitumieni kukaza safu tatu za chini kwa kamba mpya kwenye fito, na kufunga kila kombamoyo, ule mti wa paa, kwenye boriti ya ukutani. Halafu tandazeni wavu mkuukuu wa jarife juu ya paa lote, upite kileleni na kushuka pande mbili, na pembe zake zifungwe kwenye vigingi vilivyopigwa chini sana. Mawe msiyaweke juu ya paa, maana yakiporomoka yanaweza kumuua aliyeko chini. Madafu na makuti makavu ya minazi iliyo karibu na nyumba yaangushwe kesho. Upepo ukishaanza, asipande mtu.

Hata baada ya yote haya, mama asilale ndani yake usiku huo. Kazi hii ni ya kumpatia nyumba ya kurudia.

Mwana wa Langoni

Mungu awajaze kheri nyote. Nilimsomea mama maneno yenu kwa simu, neno kwa neno, na aliponyamaza nilidhani laini imekatika. Kisha akauliza kama chumba cha chini kina nafasi ya kuku wake sita. Nimemwambia ipo. Atakuja keshokutwa asubuhi pamoja na watoto kwa boti ya jirani kupitia Matondoni, na punda watafunguliwa, wasiachwe wamefungwa mtini.

Ndugu yangu amekubali kuipandisha mashua kesho. Foromali ameshaishusha leo magharibi. Magogo yapo na kamba zipo, lakini watu wako watano tu, kwa hiyo aliye Kipungani au Matondoni na ana nguvu, namwomba afike ufuoni kabla ya saa nane na nusu, ili maji yakijaa yawakute tayari.