Prado ya 1KZ-TE inakosa nguvu mlimani na kusita ninapokanyaga mafuta: je, ni lazima pampu ishushwe?

Mkazi wa Iringa

Ndugu zangu, salaam. Ninamiliki Toyota Land Cruiser Prado ya mwaka 1997 yenye injini ya 1KZ-TE, ile ya dizeli yenye turbo na ujazo wa cc 2982. Kwenye tambarare gari linakwenda vizuri, lakini ninapoupanda mlima wa Kitonga nikiwa na mzigo, au ninapotaka kulipita lori, hufika mahali likashikwa: nakanyaga mafuta hadi mwisho, mshale wa mizunguko unagoma karibu na 2500, gari linasita, linavuta kidogo, kisha linasita tena. Nikiondoa mguu na kukanyaga upya taratibu, linaendelea na safari.

Halitoi moshi mweusi, wala mweupe wa kutia shaka. Taa ya injini kwenye dashibodi haijawaka. Asubuhi inabidi nipige stata kwa muda mrefu kuliko zamani, hasa likiwa limelala sehemu yenye mteremko, ingawa likishapata moto linawaka mara moja. Filta ya dizeli na ya hewa zote ni mpya. Gereji nilikolipeleka wanasema pampu ya dizeli ya injini imekufa na wanataka kuishusha, kwa gharama ambayo siwezi kuikubali kabla ya kujiridhisha. Je, kuna vipimo ninavyoweza kuomba vifanyike kwanza?

Fundi wa Dizeli

Ndugu, usikubali pampu iguswe bado. Maelezo yako yana mambo mawili yanayoelekeza kwingine, nayo ni kutokuwepo kwa moshi na ugumu wa kuwaka asubuhi.

Injini ya dizeli inayopata mafuta ya kutosha lakini ikakosa hewa, kwa mfano turbo ikiwa imechoka au mpira wake mkubwa ukiwa umepasuka, kwa kawaida hutoa moshi mweusi. Injini inayokosa nguvu bila moshi mara nyingi ina njaa ya mafuta. Sasa, kwenye 1KZ-TE hakuna pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu ya injini yenyewe ndiyo inayovuta dizeli kutoka nyuma ya gari, kupitia bomba lote na filta. Maana yake ni kwamba palipo na ufa kwenye njia hiyo, injini ikiwa inafanya kazi hutaona dizeli ikidondoka, bali hewa ndiyo itakayoingia, sawa na mtu anayekunywa soda kwa mrija uliotoboka. Usiku gari likiwa limezimwa, ufa huohuo unaruhusu dizeli irudi tangini, ndiyo maana asubuhi unapiga stata muda mrefu.

Mwambie fundi aweke kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu. Gari liwashwe, mafuta yakanyagwe hadi mizunguko 2500 au 3000, na macho yote yawe kwenye mpira huo. Viputo vichache mara tu baada ya kuufunga ni vya kawaida, lakini mfululizo wa viputo usiokwisha unaonyesha kuwa hewa inaingia. Baada ya hapo, mpira wa pampu wa kuvutia mafuta na ule wa kurudishia ichomolewe kutoka kwenye filta na njia ya tangi na kuingizwa kwenye dumu safi la dizeli, lililofungwa imara mbali na turbo na ekzosi, kisha gari lipandishwe mlima mfupi wa karibu. Likivuta vizuri, pampu yako ni nzima na tatizo liko kuanzia kwenye filta hadi kwenye tangi.

Mahali pa kwanza pa kushuku ni ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta. Mipira yake ya ndani hukauka kwa umri, na watu hubadilisha filta mara kwa mara bila kuigusa. Filta mpya haiponyi kichwa cha filta kilichochoka.

Dereva wa Masafa

Ninakubaliana na Fundi kwa sehemu kubwa, ila hoja ya moshi ina tundu moja. Injini hii inaongozwa na kompyuta, na kompyuta husoma mgandamizo wa turbo kupitia mpira mwembamba unaokwenda kwenye sensa. Mpira huo ukipasuka au ukichomoka, kompyuta hudhani turbo haipulizi na hupunguza mafuta, hivyo gari hukosa nguvu bila kutoa moshi wowote. Kuukagua ni kazi ya dakika chache na haina gharama, basi uanze nao.

Jambo la pili ni mafuta yenyewe. Vinasaba, yaani alama maalumu za utambuzi zinazowekwa kwenye mafuta, vimesaidia kudhibiti uchakachuaji, lakini havizuii maji na uchafu ulioko kwenye tangi la kituo au la gari lako. Fungua koki iliyo chini ya filta, kinga kwenye chupa ya kioo na uiache itulie: maji yatakaa chini, dizeli juu.

Mzee wa Nozeli

Simtetei fundi wa gereji hiyo, lakini pampu za injini hizi nazo huchoka, na mtu asidanganyike kwamba kila mara ni mpira wa shilingi chache. Pampu iliyolika ndani kwa kawaida husumbua injini ikiwa ya moto: unazima gari baada ya safari ndefu, na ukitaka kuliwasha tena linakataa mpaka lipoe. Gari la ndugu yetu linafanya kinyume chake, hivyo hata mimi ninayeishi kwa kutengeneza pampu nisingeishusha hii.

Mkazi wa Iringa

Nawashukuru wote. Mpira wa sensa ulikuwa mzima na kwenye chupa hapakuwa na maji, ila mpira mweupe ulionyesha viputo mfululizo mara tu mizunguko ilipopita 2000. Kwa dumu gari lilivuta vizuri. Fundi alipobadilisha kichwa cha filta pamoja na pampu yake ya mkono, viputo vilipungua sana lakini havikwisha, na mlimani bado kuna kusita kidogo ninapokanyaga hadi mwisho.

Fundi wa Dizeli

Basi ufa wa pili bado upo, na kwa gari la umri huo mara nyingi huwa kwenye vipande vifupi vya mpira vinavyounganisha bomba la chuma na tangi, ambavyo havionekani mpaka gari linyanyuliwe. Badilisha vyote kwa mpira maalumu wa dizeli, si wa maji, na weka klempu mpya. Wakati tangi limefikiwa, mwombe fundi alichomoe bomba la kuvutia mafuta na alikague chujio lililo kwenye ncha yake. Likiwa limeziba nusu, pampu itavuta kwa nguvu zaidi, na mvuto huo ndio unaoingiza hewa kwenye kila kiungo kilicholegea.

Kabla ya kuwasha, minya pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, kisha iache usiku kucha. Ukikuta asubuhi imelegea, bado kuna mahali panapopitisha hewa.