Naombeni ushauri: nitaondoaje plastiki ndogondogo kwenye achari yangu?

MamaAchari_Tanga
Habarini wana jukwaa. Natengeneza achari hapa Tanga, huu ni mwaka wa sita. Nachachua embe mbichi, karoti na pilipili kwenye maji ya chumvi wiki tatu hadi sita, ndipo natia viungo. Mwezi uliopita nimepata mnunuzi Maskati, Mswahili mwenzetu anayeishi huko, anataka chupa 400 kwa kuanzia. Kanitumia swali moja limeninyima usingizi: nafanya nini kuzuia maikroplastiki? Nimesoma kwamba ni vipande vya plastiki visivyofika milimita 5, vingine jicho halivioni. Ninachoomba ni hiki: ninunue chujio gani la kuweka mwishoni kabla ya kufungasha? Nina wiki mbili tu za kumjibu.

Chumvi_ya_Mawe
Dada, anza na chumvi. Nimevuna chumvi majarubani misimu mitatu. Bahari ikiingia na takataka zake, jua linakausha maji, takataka zinabaki. Halafu inatiwa kwenye mifuko ya salfeti, na ile nayo inatoa nyuzi. Usiimwage kavu juu ya embe. Iyeyushe kwenye maji ya moto, ilale usiku kucha, asubuhi mimina ya juu taratibu upitishe kwenye bafta ya pamba tupu, iliyokunjwa mara nne. Kitambaa cha poliesta usikiguse, kinaongeza nyuzi zake. Machicha ya chini tupa. Siku hizo tulikuwa tunalipwa kwa gunia, na mvua ikinyesha kabla hujazoa, kazi ya wiki nzima imekwenda. Mgongo wangu mpaka leo unajua.

Babu_wa_Wete
Bibi yangu alitia ndimu kwenye mtungi, akafunika kwa sahani na jiwe la pwani juu. Hatukujua plastiki wala chujio. Tumeacha vyombo vya wazee kwa sababu ni vizito kubeba, leo tunaulizana dawa. Mwaka 2022 watafiti wa Amsterdam walipima damu ya watu 22, wakakuta plastiki kwa 17. Damu, jamani!

Kijana_wa_Maabara
Shikamoo mama. Chujio la mwishoni litachuja maji, je, vipande vya embe vyenyewe? Kuhusu maji, kama ni ya kisima yenye chokaa, yachemshe kwanza. Watafiti wa Guangzhou walionyesha mwaka 2024 kwamba chokaa ikiganda wakati wa kuchemsha inashika sehemu kubwa ya plastiki, nawe unachuja ukoko huo. Ila hujatuambia unachachulia kwenye nini.

MamaAchari_Tanga
Marahaba mwanangu. Mapipa ya bluu, kama wenzangu wote. Yana namba 2 ndani ya pembetatu, nimeambiwa hiyo ndiyo ya chakula.

Kijana_wa_Maabara
Namba inakuambia aina ya plastiki tu, haikuambii pipa limepitia wapi. Ni mapya? Yanakaa wapi? Mnayasugua na nini?

MamaAchari_Tanga
Basi niseme. Ni ya mtumba, niliyanunua 2020. Yanakaa uani juani kwa sababu joto linaharakisha kuchacha. Tunasugua kwa stilwaya, maana rangi ya pilipili haitoki kwa dodoki. Ndani yamechubuka, ukipitisha kiganja unatoka na unga wa bluu. Lakini tunasuuza mara tatu! Tena nimeshalipa nusu ya bei ya mapipa mengine 12 kwa muuzaji yuleyule. Kwa hiyo tafadhalini, msiniambie niyatupe. Nisaidieni chujio.

Kijana_wa_Maabara
Mama, huo unga wa bluu ndiyo maikroplastiki yenyewe. Plastiki ya namba 2 inavumilia chumvi na uchachu vizuri tu. Kinachoiua ni jua miaka yote hiyo, inakuwa kavu na kumeguka, kisha stilwaya inamalizia. Na kabla ya kuja kwako yalibeba nini?

MamaAchari_Tanga
Muuzaji alisema sharubati ya embe. Karatasi za ubavuni zilikuwa zimeshabanduliwa.

Mzaramo_Halisi
Sharubati ya embe, halafu achari ya embe. Hilo pipa lina ukoo.

Hakiki_Kwanza
Wakuu, hii ni chai. Mleta uzi kajiunga wiki hii, mara chupa 400, mara Maskati, mara unga wa bluu kiganjani. Subirini, kesho atatokea mtu anauza matangi ya chuma cha pua na namba ya simu. Nimeshaona nyuzi tatu za namna hii.

Babu_wa_Wete
Hata mimi nilishtuka aliposema siku sita baadaye ndipo alikumbuka mapipa.

Chumvi_ya_Mawe
Mzee, hajasema siku sita, kasema mwaka wa sita. Soma vizuri.

MamaAchari_Tanga
Sina tangi la kuuza. Binti yangu ndiye kanifungulia akaunti hii juzi. Nilichelewa kusema habari ya mapipa kwa sababu nilijua mtasema nini, na pesa niliyolipa ni ya kikoba, si yangu peke yangu. Kucha zangu ni za njano kwa bizari miaka sita. Ukiniita mwongo, niambie nifanye nini uamini.

Hakiki_Kwanza
Chuja lita moja ya maji ya pipani kwenye bafta nyeupe. Chuja nyingine iliyochachia kwenye kioo. Leta majibu.

MamaAchari_Tanga
Nimefanya. Nilikuwa na chupa moja kubwa ya kioo ya karoti, chumvi ileile, maji yaleyale. Ya kioo: nyuzi mbili nyeupe. Ya pipa: tumehesabu chembe 31 za bluu kwa lenzi ya binti yangu, na hizo ni zile zinazoonekana. Nimekaa chini nikalia kidogo.

Hakiki_Kwanza
Nimekosea dada, nisamehe. Nunua chupa kubwa za kioo kidogokidogo.

Fundi_wa_Matangi
Mimi nachomelea, wala simuuzii kitu. Chuma cha pua cha daraja la 304 chumvi inakitoboa vidonda, daraja la 316 ndiyo inavumilia, na bei yake ni kubwa. Kioo kinakutosha. Vyungu vya kupakwa rangi ya kung'aa ogopa, baadhi vina madini ya risasi, na uchachu unayatoa.

MamaAchari_Tanga
Muuzaji kagoma kurudisha pesa. Nimemwambia abaki na mapipa yake, kikoba nitalipa taratibu. Maskati nitamwandikia ukweli: chupa 90, si 400. Lakini nina lita 180 za embe ndani ya mapipa ya zamani na msimu umekwisha. Nikisuuza vipande na kuvihamishia kwenye kioo?

Kijana_wa_Maabara
Utaondoa za juu tu, mama. Embe ikishalainika inashika chembe. Na lililobebwa na pipa kabla yako halisuuziki.

MamaAchari_Tanga
Nimekuelewa. Kesho alfajiri namwaga, wateja hawajaamka.

Chumvi_ya_Mawe
Usimwage mtaroni dada. Unakwenda baharini, na majaruba yapo hapohapo.

MamaAchari_Tanga
Basi nitachimba shimo, mbali na mgomba.