Winga: krosi zangu zinaishia kwa beki wa kwanza, nakosea wapi?

Namba Saba
Wakuu habari za jioni. Nacheza winga ya kulia timu ya mtaani, spidi ninayo na beki namtoka vizuri tu, shida nikifika karibu na kibendera nikipiga krosi inamgonga beki wa kwanza au inaishia mikononi kwa kipa. Jumapili nimepiga kama kumi hivi hakuna hata moja iliyomfikia straika, kocha akanitoa kipindi cha pili. Niliumia sana.

Beki wa Zamani
Pole mdogo wangu. Mi nimecheza namba tatu (beki wa kushoto) miaka mingi, winga anayesubiri mpaka afike kwenye chaki ya mwisho, mstari wa goli, ndo apige tulikuwa tunampenda, maana mabeki wa kati wameshajipanga wanautazama mpira unakuja. Anayetesa ni yule anayepiga mapema, mpira unapita kati ya kipa na mabeki ambao bado wanarudi mbio, hapo beki akigusa vibaya tu kajifunga. Mwangalie Trent Alexander-Arnold alipokuwa Liverpool, msimu wa 2018/19 asisti (pasi za mwisho zilizozaa goli) 12 za ligi na ni beki, wala hakuhitaji kufika kibenderani kila mara.

Kocha Mchangani
Naongezea, ukishafika chini kabisa usiunyanyue, rudisha pasi ya chini usawa wa penati. Mabeki wote wanakuwa wamekimbilia golini kwao pale katikati panabaki wazi, na anayekuja anaukuta mpira huku analitazama goli. Man City ya kocha Guardiola wamefunga sana hivi. Kumimina majalo, yaani krosi za juu, tu hakusaidii, Man United ya kocha Moyes Februari 2014 walipiga krosi zaidi ya 80 na Fulham pale Old Trafford, ikaisha 2-2.

Tisa Mgongoni
Tusimtwishe winga mzigo wote jamani. Ndani ya boksi kuna watu wangapi? Kama straika yuko peke yake na mabeki watatu hata krosi nzuri inapotea. Kubalianeni kabla ya mechi, mmoja nguzo ya karibu, mwingine ya mbali, kiungo abaki pale penati.

Namba Saba
Kweli kabisa straika wetu huwa yuko peke yake, kesho mazoezini naongea na kiungo. Beki wa Zamani, hiyo ya mapema naipigaje?

Beki wa Zamani
Ndani ya mguu, upande wa kidole gumba, ili mpira ukunje umkimbie kipa. Mguu wa kusimamia uwe pembeni ya mpira, ukibaki nyuma unapaa. Na inua kichwa kabla hujausogeza mara ya mwisho, ukishaanza kupiga umechelewa.