Ushauri wa haraka: punda wanne, marobota mangapi ya majani hadi mvua za Oktoba?

Baba Kulwa: Mwangaluka wadau. Nina punda wanne huku Kayenze, Mwanza, wanabeba maji na mchanga. Yatatosha marobota mangapi ya majani makavu kuanzia sasa, Julai mwanzoni, hadi katikati ya Oktoba? Usiku silali, nahesabu tu.

Dengu77: Punda ananunuliwa majani tangu lini? Mfungulie asubuhi, jioni atarudi mwenyewe. Babu yangu kule Kwimba alikuwa nao kumi na mmoja, hakuwahi kukata hata unyasi.

Mama Mbuzi: Mimi sina punda, ila kiangazi kilichopita nilinunua majani ya mbuzi kwa kukadiria kwa macho. Agosti ghala jeupe! Nikaanza kuomba mabua kwa majirani, na maziwa yakakata. Usikadirie kwa macho, kaka.

Bwana Mifugo Mstaafu: Punda wetu wengi wana kilo 120 hadi 160. Tuseme 140. Kwa siku anahitaji chakula kikavu karibu asilimia 2 ya uzito wake, na majani makavu bado yana maji kidogo, kwa hiyo mpe kama kilo 3. Wanne ni kilo 12 na kidogo. Kwa siku 100 ni kilo 1,250. Ongeza za kukanyagwa na kumwagwa, fika 1,440. Sasa niambie: robota lako lina kilo ngapi? Na kwa nini hawaendi malishoni?

Baba Kulwa: Robota ni la kawaida tu, mzee wangu. Malisho yameisha.

Mzee wa Ngitili: Kijana wangu, Julai mwanzoni malisho hayajaisha. Sisi Wasukuma tulikuwa na ngitili: unafunga kipande cha malisho wakati wa mvua, unakifungua kiangazi kikikolea. Leo kila kipande kina nyumba. Lakini mzee kakuuliza maswali mawili, nawe umeyaruka yote. Hao punda wamefanya nini?

Baba Kulwa: Sawa, niseme. Waliingia bustani ya jirani kando ya ziwa, wakamaliza nyanya na mchicha. Wazee wametukalisha, nimelipa, na nimekubali wasitoke bila kamba mpaka mvua. Kazini wanakwenda wakiwa wameshikwa, wakirudi ni bandani. Na majani nimeshaagiza kwa shemeji yangu Ukerewe, mabua ya mpunga, marobota 60. Nusu ya hela anayo. Aliniambia robota ni kilo 20, ndiyo maana nikaona yanatosha. Tatizo mengine yamefika yamelowa.

Kiboko wa Ziwa: Hapo ndipo nasema uzi huu ni wa kutunga. Julai Mwanza majani yalowe na nini? Mvua gani? Mtu hana punda, anatafuta mazungumzo.

Dengu77: Na mimi nilihisi.

Baba Kulwa: Ndugu, Ukerewe ni kisiwa. Yamekuja kwa mtumbwi, upepo ukavuma, mawimbi yakapiga upande mmoja. Watoto wangu wanakula kwa mgongo wa hawa punda, siwezi kuwatungia hadithi.

Kiboko wa Ziwa: Nisamehe, kaka. Mtumbwi sikuuwaza. Nimevua miaka tisa, naujua huo upepo wa mchana.

Bwana Mifugo Mstaafu: Fungua yaliyolowa leo, uyaanike. Robota bichi likipangwa katikati ya makavu hupata joto, linaweza hata kuwaka. Yenye ukungu usiwape kabisa: punda hatapiki, tumbo likimsokota anaweza kufa. Makavu yaweke juu ya kichanja, yasiguse sakafu. Na yapime.

Baba Kulwa: Shemeji ataona simwamini.

Mama Mbuzi: Mzani wa dagaa huko mwaloni, mitumbwi inakoshushia samaki, haumtukani mtu.

Baba Kulwa: Nimetoka mwaloni. Nimepima matano, kilo 12, 11, 12, 13, 12. Yenye ukungu ni marobota 14, nimeyatoa.

Bwana Mifugo Mstaafu: Yamebaki 46, kilo 552. Ukitoa za kumwagika, ni siku 38 hivi. Katikati ya Agosti banda litakuwa tupu. Unahitaji mengine 74 ya uzito huo, na ukipata mabua ya mahindi changanya.

Baba Kulwa: Nusu iliyobaki sijalipa. Nampigia shemeji jioni hii, tuhesabu kwa kilo. Naye Kulwa nimemtuma kwa jirani, akaulize kama mabua ya mahindi yake anayauza.