Nimemwaga oili mwenyewe nyumbani, Carina Ti ya 1998. Inavuja kwenye filta kama bomba, nimekosea wapi?

Mwalimu_Kihonda

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa. Naandika hapa mikono inanuka oili, nimenawa kwa sabuni ya unga mara tatu na bado.

Gari ni Carina Ti, injini 5A-FE, giaboksi ya otomatiki, kilomita 214,000 na ushee. Ninalo mwaka wa nne. Kila kilomita 5,000 nalipeleka gereji moja hapa Morogoro, nakaa kwenye benchi nasahihisha madaftari, naitwa, nalipa, naondoka. Mwaka jana nikaanza kuona filta ya oili ninayoambiwa ni mpya ina vumbi la siku nyingi. Sikusema kitu. Sevisi ya mwezi wa tatu, kabla ya kuondoka nyumbani, niliinama nikapaka tone la rangi ya kucha, nyekundu, kwenye kitako cha filta. Jioni lilikuwepo. Nikajipa moyo kwamba labda fundi kasahau siku hiyo. Mwezi wa nane nikarudi, nikalipia oili, filta, plagi na eya klina, risiti ninayo. Nikafika nyumbani, nikalala chini na tochi ya simu. Tone langu hilo hapo, linang'aa kama limepakwa asubuhi.

Sikwenda kugombana. Nilinunua galoni ya lita 4 na filta (duka la spea walitaka namba ya injini, nikawapa) na leo nikamwomba jirani yangu wa bodaboda spana ya 14. Gari nimelipandisha kwenye mbao mbili nene za mninga zilizobaki tulipoezeka, tairi za mbele tu, hendibreki juu, mawe nyuma ya tairi za nyuma. Nati ya kumwagia ilitoka vizuri. Filta ndiyo iligoma. Mkono unateleza, nikakata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli nikaizungushia, ikazunguka kwa shida sana, inalia.

Nikasafisha, nikapaka oili mpya kwenye raba ya filta mpya kama nilivyosoma, nikafunga kwa mkono. Nati nikaikaza. Nikatia lita 3, nikapima, nikaongeza kidogo. Nikawasha. Taa ya oili ikazima, nikafurahi, mwanangu akapiga makofi. Halafu nikasikia chwaaa chini ya gari. Nilizima haraka, sidhani kama zilipita sekunde 10, lakini kwenye pevingi kuna dimbwi la kutosha kuogeshea bata. Inatokea kwenye filta, si kwenye nati. Nimeikaza zaidi, nikawasha tena sekunde moja, bado.

Je, nimeuziwa filta isiyo yake? Na nimeua injini? Kesho nina vipindi saa 1:30 asubuhi na shule iko kilomita 9.

Kijiwe_255

Hapo ndipo mnapowapa mafundi kazi mara mbili hahaha. Mwalimu, rudi gereji, ufundi una wenyewe. Mimi yangu sijawahi kuifungua hata boneti.

BabuSpana

Marahaba mwanangu. Injini haijafa. Umezima mapema, na hilo ndilo la maana kuliko yote uliyofanya leo. Usiwashe tena hata kwa sekunde moja.

Filta naamini ni yenyewe. Isingekuwa yake, nyuzi zisingeshika au ingekaa upande. Sasa fanya hivi. Weka beseni, fungua filta uliyoifunga leo, halafu peleka kidole pale kwenye injini inapokaa. Usiangalie, papasa. Pale panatakiwa pawe chuma kitupu, laini, baridi. Ukikuta kama kuna pete nyeusi imebandikwa, inayofanana kabisa na sehemu ya injini, hiyo ni raba ya filta ya zamani. Imebaki. Umefunga raba juu ya raba. Injini ikiwa imezimwa inaonekana imekaa sawa, pampu ikianza kusukuma raba moja inaitema nyingine pembeni, ndiyo hiyo chwaaa yako.

Na ujue kwa nini imebaki. Filta ile umesema mwenyewe ilirukwa mwezi wa tatu, ikarukwa wa nane, na huko nyuma nani ajuaye. Raba ikikaa kwenye joto kilomita zote hizo inaiva, inakuwa kama kigae, inashikana na injini kuliko inavyoshikana na filta yake. Ndiyo maana ilikuwa inalia ulipoizungusha. Nimeshika spana tangu 1984 na hilo limenikuta mara mbili, moja kwenye gari la bosi wangu.

Ibandue kwa kucha au kijiti cha mti. Usitumie bisibisi, ukikwaruza pale utavuja maisha yako yote. Futa kwa kitambaa kikavu. Raba ya filta mpya ikague. Kama haijachanika wala kukunjika, rudisha. Ikishagusa chuma, zungusha robo tatu ya mzunguko kwa mkono, basi. Wengi wanakaza kwa mnyororo halafu wanalalamika haifunguki.

Rudisha oili hadi alama ya juu ya dipstiki (kile kijiti cha kupimia oili), si zaidi. Kisha uwashe mtu mmoja akiwa anachungulia chini, mwingine mkono kwenye swichi.

Rift_110

Mwalimu, hongera sana. Mimi niko Nakuru, naendesha Corolla 110 yenye injini hiyo hiyo yako, 5A. Babu amemaliza mambo ya filta, siongezi.

Mimi nataka kuuliza kuhusu plagi. Umesema ulilipia plagi pia. Umezikagua? Kwa sababu makanika asiyegusa filta iliyo nje nje hawezi kuhangaika na plagi zilizo chini kwenye mashimo. Gari ikisimama kwenye foleni haitetemeki? Haivuti vibaya ukianza mlima? Yangu ilikuwa inamisi, yaani silinda moja haiwaki vizuri, nikadhani ni petroli mbaya, nikabadilisha hadi pampu. Kumbe.

Mwalimu_Kihonda

Babu, Mungu akuweke. Raba ILIKUWEPO. Nimepapasa mara ya kwanza sikuona kitu, nikasema babu kakosea leo. Mara ya pili nikapitisha ukucha ukakwama kwenye ukingo. Imetoka mzima mzima, nyeusi, ngumu, nikaikunja ikavunjika kama kaukau. Nimeiweka kwenye kikombe cha kalamu mezani.

Nimefunga upya, nikaongeza lita moja kasoro. Mwanangu alichungulia, mimi kwenye swichi. Dakika 5, chini pakavu. Nikazima, nikasubiri kidogo, nikapima tena, ikaonekana imeshuka nikaongeza kidogo.

@Rift_110 umenifumbua macho. Ndiyo, linatetemeka likiwa kwenye D (gia ya kwenda mbele) nimekanyaga breki, nimeshazoea, nilidhani ni uzee. Kesho nikitoka shule nafungua. Zinafunguliwaje bila kuharibu?

Rift_110

Injini ikiwa baridi kabisa, hiyo ni amri. Utahitaji soketi ya plagi namba 16, ile ndefu yenye raba ndani, na ekstensheni. Fungua moja, funga moja, usichomoe nyaya zote kwa pamoja. Gari hii bado ina distributa, kigawa umeme wa plagi, ukizichanganya nyaya itakugomea au itakohoa (mpangilio wake ni 1-3-4-2, lakini ukifuata moja-moja hutahitaji kuujua). Shika waya kwenye raba yake ya chini, usivute waya wenyewe. Kabla ya kufungua, piga upepo kwenye shimo, hata kwa pampu ya baiskeli, mchanga usidondoke ndani ya silinda.

Sasa angalia raba ya waya ikitoka. Ikija na oili, una shida ileile yangu.

Mwalimu_Kihonda

Ya kwanza kavu. Ya pili kavu. Ya tatu imetoka inadondosha oili. Nimemulika shimoni, plagi imezama, naona kichwa chake tu kama kiboko. Ya nne ina unyevu kidogo. Zote nne zimechakaa, ncha zimelika, kauri imekuwa rangi ya kahawa. Hizi si za mwezi wa nane. Nadhani hata si za mwaka huu.

Rift_110

Kiboko! Nimecheka peke yangu kwa matatu.

Hiyo oili haitoki ndani ya silinda, usiogope. Inatoka juu. Kila plagi inapita kwenye bomba, na bomba linapokutana na kava la juu la injini kuna sili ya raba. Ikikauka, oili inateremka polepole inajaza shimo, inalainisha raba ya waya, umeme unatafuta njia ya mkato kwenda kwenye chuma badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi. Hapo ndipo inamisi.

Nunua gasketi ya kava pamoja na sili zake. Kwa leo, nyonya ile oili kwa kitambaa kilichofungwa kwenye waya mgumu, shimo liwe kavu KABLA ya kutoa plagi, la sivyo yote inaingia ndani. Plagi mpya pima pengo, yangu mimi naweka 0.8 mm. Anza kufunga kwa vidole na ekstensheni tu, bila mpini, mpaka ikae. Kichwa cha injini ni aluminiamu, plagi ikiingia upande ikaharibu nyuzi hapo umenunua kilio.

BabuSpana

Amesema vyema huyo wa Nakuru. Naongeza mambo matatu, kwa sababu naona mwalimu amenogewa.

Kava la juu ukilifungua, nati zake zikaze kidogo kidogo, kwa kubadilishana, na mkono mwepesi. Watu wanazikaza kama wanafunga tairi, kava linapinda, na gasketi mpya inavuja kuliko ya zamani. Silikoni usijaze kama unapaka siagi.

Rejeta usiifungue ikiwa na moto. Asubuhi kabla hujawasha, sawa. Kama ndani umekuta maji ya kutu, umekuwa ukiweka ya bomba. Mwaga, suuza, tia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Na ukifungua kifuniko cha oili ukakuta povu kama chai ya maziwa, acha kila kitu, niite.

Mambo ya kumwachia fundi mwaminifu kwa sasa: filta ya petroli, kwa sababu mpira wake una presha na injini ya moto iko jirani, breki, mpaka uone mtu akizifanya mbele yako mara mbili, na mkanda wa taimingi, ule wa ndani unaoendesha vali. Huo mkanda unabadilishwa kila kilomita 100,000. Gari lako lina 214,000. Umebadilishwa lini? Usinijibu mimi, muulize aliyekuuzia, na kama hana jibu la kueleweka hesabu kwamba haujawahi.

Kijiwe_255

Wakuu nimefungua boneti leo. Dipstiki ni ile yenye kidole cha njano au ile nyingine?

BabuSpana

Zipo mbili. Moja ni ya injini, nyingine ya giaboksi. Ya giaboksi oili yake huwa nyekundu. Usiongeze chochote mpaka uwe na uhakika umechomoa ipi. Tuma picha.

Mwalimu_Kihonda

Mrejesho, maana sipendi uzi unaoishia hewani.

Gasketi na sili zimetoka Dar kwa basi, Kariakoo, nimezipokea stendi ya Msamvu. Jumamosi nimeshinda juu ya injini. Sili za zamani zilikuwa ngumu kama ile raba, nimezing'oa kwa mpini wa kijiko. Plagi mpya nne. Leo asubuhi nimeweka D, nimekanyaga breki, nikaweka glasi ya maji juu ya dashibodi. Maji yametulia. Siku nne nimekuwa nikipima oili kila asubuhi, haijashuka.

Oili chafu nilikuwa nimeiweka kwenye dumu nipeleke gereji. Jirani wa bodaboda kaiomba, anapaka mirunda ya banda lake dhidi ya mchwa. Nimempa nusu, spana yake ilistahili.

Aliyeniuzia gari hapokei simu. Nimeshaanza kuweka akiba ya mkanda wa taimingi.

Swali dogo tu, babu. Asubuhi nikiwasha, hasa kukiwa na umande, kuna mlio wa ngwiii kama dakika moja, upande wa oltaneta, halafu unaisha. Ni nini?

BabuSpana

Mkanda wa nje huo. Kesho ukilia, nyunyizia maji kidogo sana upande wenye meno, mikono na mtandio mbali na puli. Ukinyamaza kidogo kisha ukaanza tena, mkanda umechakaa au puli hazijakaa mstari mmoja. Ukizidi kulia, umelegea, tunaukaza. Niambie umefanyaje.