Kambale wa kwenye tanki wanarudiwa na fangasi kila nikiwatibu, shida dawa au maji?

buhongwa_fish: Wakuu habari za humu. Nipo Buhongwa hapa Mwanza, nafuga kambale nyuma ya nyumba kwenye simtanki lililokatwa juu, maji ya bomba. Fangasi inanisumbua sana. Inaanza kitu cheupe kama pamba kwenye mkia au pezi, nikiwatia chumvi inaisha kabisa wanachangamka, ikipita muda kidogo wengine wanatoka nayo tena, na mara nyingi ni baada ya kuwavua na wavu nisafishe tanki. Wadogo ndo wanateseka zaidi. Kuna mmoja nimemtoa leo asubuhi sharubu zimekatika, nyuma ya kichwa kachubuka hadi nyama inaonekana, na ile kitu imeota palepale kwenye mchubuko, ukimrudisha majini nyuzi zake zinasimama zinapepea. Duka la dawa za mifugo wananiambia ninunue malakaiti grini, ile dawa ya rangi ya kijani ya kuua fangasi. Naombeni msaada, hawa samaki nawapenda na nimechoka kuwaona hivi.

mdau_wa_igoma: Pole sana mkuu. Mimi naona dawa haina kosa, ishu ni vidonda. Hiyo fangasi, kitaalamu Saprolegnia, mbegu zake zipo majini muda wote, ziwani, kisimani, popote, hutaziua zikaisha. Samaki mzima ute wake unazizuia, na kambale hana magamba kwa hiyo ute ndo kinga yake yote. Sasa wavu wenye mafundo unamkwangua, wakubwa wanamng'ata, mlango umefunguka. Sharubu kukatika hizo ni dalili za kuumana kabisa, umechanganya saizi. Kambale wanalana mkuu, na wakiwa na njaa ndo balaa. Watenganishe kwa ukubwa, tafuta wavu laini usio na mafundo, na usivue samaki wote kila ukisafisha, nyonya uchafu wa chini kwa mpira, punguza maji sehemu tu kisha jazia. Chakula kikibaki kinaoza, amonia (sumu inayotoka kwenye uchafu) inapanda, ngozi inadhoofika, mnarudi kulekule.

Nyegezi_kwetu: Naongezea hapo, sio kila cheupe ni fangasi. Kuna bakteria wa kolumnarisi naye anaonekana hivyohivyo, na anapenda maji ya joto kama yetu huku. Huyo doa lake limelala bapa, lina utelezi, pembeni linavuta unjano, anakaa sana mdomoni na mgongoni na anaweza kuua ndani ya siku moja mbili. Hizo nyuzi zinazopepea ulizosema zinaelekea kwenye fangasi, ila ukiona zile bapa usipoteze muda, chukua samaki akiwa bado hai nenda kaulize FETA, chuo cha uvuvi hapa Nyegezi.

mama_kambale: Malakaiti grini ACHANA NAYO kabisa, hao ni samaki wa kuliwa. Inabaki kwenye nyama, Ulaya wameipiga marufuku kwa samaki wa chakula, na wewe unaishika kwa mikono. Chumvi inatosha: gramu 10 kwa lita 1, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni gramu 200, mtie samaki humo dakika 10 na usiondoke hapo, akianza kulalia ubavu mtoe hata kama muda haujafika. Halafu mweke peke yake mpaka kidonda kifunge, ukimrudisha kwa wenzake kikiwa wazi wanamng'ata palepale.

buhongwa_fish: Asanteni sana wakuu, nimeelewa, kweli kuna madume mawili yamewazidi wenzao mbali, leo naanza kuyatoa. Na haya maji ya bomba naweka moja kwa moja, ina shida?

mdau_wa_igoma: Ina shida ndio, klorini, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba, inaunguza mashavu anayopumulia na ngozi. Kinga maji kwenye pipa wazi siku nzima kabla ya kujazia, ikae juani ndo vizuri. Na hiyo chumvi ya mama_kambale changanyia kwenye beseni la plastiki, ndoo ya bati hapana, zinki inatoka inaua samaki.