Naombeni programu ya bure ya kutolea majaribio kwa simu, nahitaji kabla ya Jumatatu

Njiapanda (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu, nina darasa la wanafunzi 58. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitoa majaribio mafupi kwa fomu za Google, wanajibu kwa simu, na kwa kweli mzigo wa kusahihisha umepungua. Sasa nataka kuhama. Nitajieni programu ya bure iliyo salama zaidi, ambayo mwanafunzi hawezi kuchezea kitu, na isiyokula bando. Jumatatu narudia jaribio kwa hiyo muda ni mfupi.

Na swali dogo: zile faili za mtandaoni, mwenye faili anaweza kuona ni nani amebadilisha kitu?

Natanguliza shukrani.

Bin Maneno
Siti ya mbele, dirishani.

Fizikia Tamu
Mwalimu mwenzangu, achana na majaribio kwanza, ingia PhET. Ilianzishwa 2002 Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Nobeli ya fizikia. Ni maabara za kuigiza, bure, na nyingi ukishazipakua zinafanya kazi bila intaneti. Mwanafunzi anaunga betri, waya na balbu kwenye kioo cha simu na anaona elektroni zinavyotembea.

Mimi miaka na miaka nachora mishale ubaoni, na kila mwaka nusu ya darasa wanaamini umeme "unaliwa" na balbu. Siku niliyowapa ile saketi waichezee wenyewe, binti mmoja wa nyuma kabisa, ambaye hajawahi kunyoosha mkono, akasema kwa sauti, "Kumbe zinarudi!" Niliishia kukaa kwenye kiti. Jaribu mkuu, utanishukuru.

Laha na Safu
Mleta mada, unahama kwa nini? Kwa jaribio la darasani fomu za Google zinatosha kabisa. Kuna kitu hujakisema.

Njiapanda
Sababu zangu tu mkuu. Nimeona si salama. Naomba tujikite kwenye swali.

Mzee wa Ubao
Simu darasani. Halafu tunashangaa watoto hawajui kuandika barua. Ufaransa mwaka 2018 walitunga sheria ya kuzuia simu kwa wanafunzi wa msingi na sekondari ya chini. UNESCO nao, ripoti yao ya 2023 ya teknolojia na elimu ikauliza wazi kwamba chombo hiki kinatumika kwa masharti ya nani. Wakubwa wanajiuliza, ninyi mnakimbilia. Nimefundisha miaka 34 kwa chaki na kifutio. Wanafunzi wangu wapo waliokuja kuwa madaktari, wapo marubani.

Dada Makavu
Shikamoo Mzee. Na hao marubani wanarusha ndege kwa chaki?

Mzee wa Ubao
Marahaba. Ndiyo hayo malezi ya simu ninayoyasema.

Kadi Mkononi
Njiapanda, kama hofu yako ni kuchezewa, tumia Plickers. Simu ni moja tu, yako. Kila mwanafunzi anashika karatasi yenye alama nyeusi iliyochapishwa, na upande anaouweka juu ndio jibu lake: A, B, C au D. Unapitisha kamera darasani, majibu yanaingia yenyewe. Kila karatasi ina alama yake kwa hiyo kuchungulia ya jirani hakumsaidii mtu.

Kahoot, ule mchezo wa maswali wa mtandaoni, usiichukue kwa jaribio la alama. Wanorwei waliitoa 2013 na watoto wanaipenda, lakini kwa kawaida anayewahi ndiye anayevuna pointi zaidi. Mwenye simu inayowaza kabla ya kufungua ukurasa ameumia hata kama jibu analijua.

Laha na Safu
Hayo yote mazuri, ila narudia. Mtu haulizi "nani amebadilisha" kama hakuna kilichobadilishwa. Nini kimebadilika?

Njiapanda
Sawa, niseme. Alama zimechezewa. Jaribio tulifanya Jumatano. Usiku ule niliangalia matokeo kwa simu, nakumbuka kabisa binti anayeongoza alikuwa na 19 kati ya 20. Ijumaa asubuhi nafungua jedwali la mtandaoni ambamo majibu ya fomu yanaingia, yule binti ana 6. Mwingine niliyemkumbuka ana 17 ameshuka hadi 9. Na mmoja ambaye kwenye daftari lake hajawahi kuvuka 7, ana 19.

Laha na Safu
Wamelifikiaje jedwali?

Njiapanda
Niliweka linki kwenye grupu la WhatsApp la wazazi ili waone matokeo.

Laha na Safu
Ulichagua wenye linki waweze kutazama tu, au kuhariri?

Njiapanda
Kuhariri. Lakini si kwa makusudi, nilikuwa na haraka, wazazi walikuwa wananisumbua kuanzia saa 9. Na bado naona programu iliyo salama isingeniruhusu kufanya hivyo.

Bin Maneno
Umeacha mlango wazi, ukabandika na ramani ya kufika, sasa unataka kubadilisha kitasa 😂

Mama Watatu
Kabla hamjaendelea na mambo ya linki, hivi mmesoma hapo? Mwalimu ameanika alama za watoto 58 mbele ya wazazi wote. Mimi yalinikuta. Mwanangu wa kati alikuwa wa pili kutoka mwisho, orodha ikaja grupuni na majina kamili. Grupu zima kimya. Baada ya dakika kumi mzazi mmoja akaweka kidole gumba. Hadi leo sijui kile kidole kilikuwa cha nini. Mtoto aliiona kwenye simu yangu kabla mimi sijaiona. Wiki nzima alikuwa anaumwa tumbo kila asubuhi.

Wewe unalia na aliyebadilisha alama. Mimi ningekuwa mzazi wa mle ningekuja kukuona kwa hiyo linki tu.

Kadi Mkononi
Mama ana hoja. Fomu zenyewe zinaweza kumtumia kila mtu alama zake peke yake kwa barua pepe, ukiwa umeziwekea zikusanye anwani. Grupu halihitajiki.

Njiapanda
Wanafunzi wengi hawana barua pepe. Simu zilizoletwa darasani zilikuwa 31 tu, nyingi za wazazi, wamepeana kwa zamu. Nimeelewa kuhusu faragha, nakubali. Lakini msinitoe kwenye mada. Je, mwenye faili anaweza kuona nani amebadilisha au hawezi?

Kipanga
Wakuu, mimi nimekaa kimya nasoma. Hii ni chai, stori ya kutunga.

Swali la "mwenye faili anaona nini" si la mwenye faili. Ni la aliyeingia usiku kwenye faili ya mtu. Mwenye nyumba haulizi kama mwenye nyumba anaweza kuona nyayo. Halafu hesabu: simu 31, majibu 58. Na anataka programu "ambayo mwanafunzi hawezi kuchezea", yaani anapima kina cha maji kabla ya jaribio la Jumatatu. Mleta mada ni yule mwenye 19.

Bin Maneno
😂😂😂 Dogo nenda kasome, Jumatatu haiko mbali.

Dada Makavu
Mimi niliona kuanzia "natanguliza shukrani". Barua ya kuomba ruhusa tupu.

Fizikia Tamu
Kama ni mwanafunzi basi PhET itamfaa zaidi.

Mzee wa Ubao
Kijana, kama ni wewe, kakiri kwa mwalimu wako. Mwalimu hamli mtu.

Njiapanda
Nimefundisha miaka 11. Simu 31 majibu 58 kwa sababu nilizima ile sehemu ya "jibu moja tu kwa kila mtu", maana ukiiwasha kila mmoja anatakiwa aingie kwa akaunti yake ya Google. Kundi la kwanza likajibu, likabofya kutuma jibu lingine, likampa jirani simu. Kundi la pili nikalipa maswali yaleyale yaliyochanganywa mpangilio. Dakika 20 nzima nasimama katikati ya darasa kama mwamuzi. Mwanafunzi angeyajuaje hayo?

Kipanga
Mwanafunzi alikuwepo darasani. Ndiyo maana anayajua.

Mama Watatu
Kipanga acha. Mwalimu, nijibu mimi. Huyo mwenye 19 umemfanya nini?

Mama Watatu
Mwalimu?

Njiapanda
Nimempa sifuri. Na barua ya kumwita mzazi, ilitoka Ijumaa.

Kabla hamjanirukia. Huyu kijana ndiye anayejua simu kuliko darasa zima, ndiye anayenisaidia hata mimi mtandao ukigoma. Daftari lake ni 5, 6, 7. Ghafla 19? Na waliokuwa juu wote wameshushwa. Nani mwingine? Nilichofanya ndicho ambacho mwalimu yeyote angefanya. Jaribio linarudiwa, kila mtu anaanza upya, yeye atasubiri mzazi.

Mama Watatu
Kwa hiyo anayekusaidia mtandao ukigoma ndiye mwizi wako. Haya.

Laha na Safu
Tulieni kidogo. Njiapanda, sahau nani. Mtu akitaka kujipa 19 anabadilisha namba moja na kulala. Kwa nini ahangaike kuwashusha wengine mmojammoja, watu 58? Nijibu matatu.

Moja, fungua fomu yenyewe, si jedwali, sehemu ya majibu. Juu kabisa inaonyesha wastani wa darasa. Ni ngapi?
Mbili, kwenye jedwali jumlisha safu ya alama, gawa kwa 58. Ni ngapi?
Tatu, majina kwenye jedwali sasa hivi yamepangwaje?

Na ujue kitu kimoja ambacho ulitakiwa kuambiwa tangu jibu la kwanza: fomu inatunza majibu yake yenyewe. Jedwali ni nakala tu. Hata mtu akifuta jedwali zima, alama za kweli bado zimo ndani ya fomu.

Njiapanda
Ngoja niwashe kompyuta.

Bin Maneno
Dogo ameenda kuwasha kompyuta ya mwalimu.

Kadi Mkononi
Wakati tunasubiri: miaka michache nyuma nilikuwa na maswali yangu yote kwenye jukwaa moja la bure, kama 400 hivi. Likatangaza linafungwa, mimi barua pepe zao sikuwa nazisoma. Siku naingia nakuta ukurasa wa kwaheri. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi napakua nakala yangu. Cha bure kitumie, ila funguo usimwachie yeye peke yake.

Njiapanda
Fomu inasema wastani 11.9. Jedwali jumla ni 690, kwa 58 ni 11.9.

Majina yamepangwa kwa herufi, A hadi Z.

Laha na Safu
Na safu ya saa ya kutuma, ile ya kwanza kushoto?

Njiapanda
Imekaa kwa mpangilio. Aliyetuma kwanza yuko juu, wa mwisho yuko chini.

Laha na Safu
Haiwezekani watoto 58 wakatuma majibu kwa kufuata alfabeti. Alama hazijaguswa, zipo zilezile 58. Kilichohama ni majina. Kuna mtu amechagua safu ya majina peke yake akaamuru ipangwe kwa herufi. Majina yamepanda na kushuka, alama zimebaki palepale. Kila mtoto sasa amekaa kwenye alama za mwenzake.

Nenda kwenye Faili, fungua historia ya matoleo. Inaonyesha jina na saa. Kama ni mtu wa linki ambaye hakuingia kwa akaunti, itaandika asiyejulikana.

Kipanga
Hapo sasa tutajua.

Dada Makavu
Dakika 25. Mleta mada yuko wapi?

Njiapanda
Ni jina langu. Alhamisi saa 5 na dakika 40 usiku.

Nilikuwa nahamisha alama kwenye ripoti, nikapanga majina kwa herufi ili yafuatane na daftari la mahudhurio. Nikasinzia, nikafunga. Hakuna jina lingine tangu hapo. Hakuna mzazi wala mwanafunzi aliyegusa.

Laha na Safu
Rudisha toleo la kabla ya saa hiyo, kisha ubadilishe linki iwe ya kutazama tu. Au uiondoe kabisa kama Mama Watatu alivyosema.

Mama Watatu
Yule kijana fomu inasema alipata ngapi?

Njiapanda
13.

Fizikia Tamu
Kutoka 7. Dah.

Kipanga
Mimi bado nasema chai, mambo yamenyooka mno. Lakini kama si chai, usisubiri Jumatatu. Mpigie mzazi usiku huu.

Mzee wa Ubao
Na kijana umwombe msamaha mbele ya darasa. Barua ulimpa mbele ya darasa, sivyo?

Njiapanda
Ndiyo, Mzee. Mbele ya darasa.

Baba yake yumo kwenye grupu. Ameshasoma ile linki, alama mbili za bluu. Namba yake ninayo hapa.

Mama Watatu
Piga.

Mgeni Jukwaani
Habari wakuu, sijasoma maoni yote. Mleta mada jaribu Kahoot, ni nzuri sana na watoto wanaipenda.